Somo la Wiki: Siku Nne Unguja na Saa ya Kiswahili



Kutoka Cedar-Riverside hadi uwanja wa ndege ni treni moja tu, Blue Line. Lakini kutoka hapo hadi Unguja hakuna ndege ya moja kwa moja. Kwenda hula siku nzima na zaidi, na kurudi vivyo hivyo. Ukiwa na likizo ya wiki moja, hubaki siku nne hivi za kutembea. Katika siku nne, kuachwa na boti ni hasara kubwa. Kwa hiyo leo tunajifunza kupanga safari na kusoma saa.

1. Chagua mwezi

Masika, yaani mvua kubwa, hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Likizo fupi ya shule zetu mwishoni mwa Machi inaweza kuangukia humo. Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma, mvua ni chache na joto hupungua. Huo ndio wakati mzuri kwa mwanafunzi wa Minnesota.

Mwenye pasipoti ya Marekani anahitaji viza ya Tanzania. Mkipitia kwanza kwa jamaa Kenya, bebeni cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

2. Soma saa

Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na tena linapotua. Kanuni ni moja: tofauti ni saa sita.

- 07:00 ni saa moja asubuhi
- 12:00 ni saa sita mchana
- 13:30 ni saa saba na nusu mchana
- 16:45 ni saa kumi na moja kasorobo jioni
- 20:00 ni saa mbili usiku

Soma mazungumzo haya kwa sauti na mzazi wako. Mko bandarini Dar es Salaam.

Mtoto: Shikamoo, mzee. Boti ya Unguja inaondoka saa ngapi?
Mzee: Marahaba, mwanangu. Kesho saa moja kamili.
Mtoto: Saa moja asubuhi au usiku?
Mzee: Asubuhi. Uwe hapa saa kumi na mbili.

Mtoto huyu ameuliza vizuri. Angedhani saa moja ni 13:00, angefika bandarini wakati boti imeshatia nanga Unguja zamani.

Jihadhari pia na usiku. Tiketi ya ndege ikisema Ijumaa 01:00, hiyo ni saa saba usiku wa kuamkia Ijumaa. Unakwenda uwanjani Alhamisi jioni. Ukingoja Ijumaa jioni, ndege imekwisha kuondoka.

3. Mpango wa siku nne

*Siku ya kwanza:* Pumzika. Jioni nenda Forodhani ukale urojo na unywe maji ya miwa.

*Siku ya pili:* Tembea Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Tazama Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, basi ulizia kwanza kama wageni wanaingia. Fika Mkunazini, penye kanisa la Kianglikana. Hapo palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Wazazi, zungumzeni na watoto kabla ya kwenda huko.

*Siku ya tatu:* Asubuhi msitu wa Jozani, kuwaona kima punju, ambao asili yao ni Unguja tu. Kisha pwani ya mashariki, Paje au Jambiani. Uliza maji yanajaa saa ngapi, kwa sababu yakitoka huenda mbali sana na hakuna pa kuogelea.

*Siku ya nne:* Usipange kitu. Hii ni siku ya jamaa na majirani zao. Huwezi kumwamkia bibi mlangoni na kuaga papo hapo. Utakaa, utakula, utaulizwa habari za wote.

4. Zoezi

Julai, Minneapolis iko nyuma ya Unguja kwa saa nane. Januari ni saa tisa.

a) Ni Julai. Bibi yuko Unguja, anasema: "Nipigieni simu saa mbili usiku." Hapa Minneapolis mtapiga saa ngapi?
b) Na ikiwa ni Januari?
c) Andika ratiba yako ya Jumamosi kwa saa ya Kiswahili, kuanzia kuamka hadi kulala.

Majibu: a) saa sita mchana, b) saa tano asubuhi. Jibu la (c) njoo nalo darasani. Na kama una bibi au babu Afrika Mashariki, mpigie wiki hii. Mwulize kwanza huko ni saa ngapi, kisha umwambie wewe hapa ni saa ngapi.