Asili ya Vyakula vya Wanga Katika Nchi ya Taita

Ukimwuliza mtu wa Voi chakula chake ni nini, atakujibu kuwa ni ugali, naye akisema ugali ana maana ya ugali wa mahindi. Wengi hudhani ya kuwa mahindi yalikuwapo Taita tangu zamani za mababu. Sivyo. Asili yake ni Mexico, ambako watu walianza kuyalima yapata miaka 9,000 iliyopita, nayo yalifika pwani ya Afrika Mashariki baada ya Wareno kuja mwaka 1498. Jina lenyewe lashuhudia ugeni huo, kwa kuwa watu wa pwani waliyahesabu kuwa nafaka ya Kihindi, ijapokuwa India siko yalikoanzia. Muhogo na viazi vitamu navyo vilitoka bara la Amerika. Ndizi ni za mashariki ya mbali, nazo zimekaa Afrika muda mrefu kuliko mahindi.

Wenyeji halisi ni mtama na wimbi. Mtama ulilimwa kwanza pande za Sudan zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Wimbi ni la nyanda za juu za Uhabeshi na Uganda.

Habari hizi zina faida kwa mkulima, maana kila mmea una tabia ya nchi ulikotoka. Mahindi hutaka maji hasa wakati wa kutoa mbelewele. Mvua ikikatika siku hizo, mkulima huvuna magunzi. Mtama ukikosa maji hukunja majani yake ukangoja, na mvua irudipo huendelea kukua. Huko juu Wundanyi, ambako ukungu na mvua si haba, mahindi hustawi vizuri. Lakini Voi hupata yapata milimita 550 tu za mvua kwa mwaka, na miaka mingine hupungua sana. Mtu wa huko apandaye mahindi matupu katika shamba lote anacheza kamari na chakula cha watoto wake. Taita imekwisha kuonja ukame: njaa ya Mwakisenge, katika miaka ya 1880, iliua watu wengi na kutawanya jamaa. Taveta ina bahati nyingine, kwa kuwa maji ya Kilimanjaro hushuka kwa mto Lumi na kunywesha migomba. Misafara ya zamani iliyokwenda bara, kama ule wa Joseph Thomson mwaka 1883, ilitua hapo kupata chakula.

Ni kweli kwamba mtama una taabu yake. Ndege huupenda mno, na watoto waliokuwa wakiwafukuza zamani sasa wako shuleni, mahali wanapostahili kuwa. Lakini majirani wakipanda kwa siku zilezile, ndege hutawanyika katika mashamba mengi, na hasara ya kila mmoja huwa ndogo.

Kuhusu lishe, vyakula hivi vyote hutia mwili nguvu, lakini kuujenga mwili ni kazi nyingine. Gramu 100 za unga wa mahindi zina protini yapata gramu 8. Muhogo mbichi wa uzito huohuo hauna hata gramu 2. Wimbi hupita mahindi zaidi ya mara kumi kwa kalsiamu, ambayo huimarisha mifupa. Mtoto aliyeachishwa ziwa kisha akashibishwa uji wa muhogo pekee huonekana mnene, kumbe amevimba miguu na uso, na nywele zake hugeuka rangi. Ugonjwa huo ni kwashiakoo, nao huua.

Jiko la Kitaita lina kinga yake tangu zamani. Kimanga, yaani muhogo au viazi vilivyochemshwa na kupondwa pamoja na maharagwe, humpa mtoto protini ambayo muhogo umepungukiwa nayo. Asiye na maharagwe atumie kunde au mbaazi, ambazo huvumilia ukame wa Voi. Kisamvu nacho kisidharauliwe. Majani ya muhogo yana protini nyingi kuliko mzizi wake, lakini yatwangwe na kuchemshwa sana.

Muhogo mchungu una sumu, na kuuchemsha kidogo hakutoshi. Humenywa, hulowekwa majini siku tatu au nne hata ulainike, huanikwa juani mpaka ukauke kabisa, ndipo husagwa kuwa unga.