Amri Moja Katika Moto wa Msitu

Misitu na mbuga za Marekani zina wenyewe wengi. Sehemu kubwa ni mali ya Serikali Kuu, na hata hiyo imegawanywa baina ya idara mbalimbali: moja husimamia misitu ya mbao, nyingine hifadhi za wanyama na mandhari, nyingine ardhi ya malisho, na nyingine ardhi ya wenyeji wa asili wa Amerika. Sehemu zilizobaki ni za majimbo, za wilaya, za makampuni ya mbao na za wakulima. Moto hauulizi habari hizo. Waweza kuanza asubuhi katika shamba la mtu na kufika jioni katika msitu wa Serikali, baada ya kuvuka mipaka mitatu au minne. Hapo zamani kila mwenye ardhi alipigana na moto wake peke yake, na nchi ilichukua zaidi ya miaka 60, pamoja na hasara kubwa ya mali na roho za watu, kabla ya kupata njia nyingine.

MOTO MKUBWA WA 1910

Idara ya Misitu ya Marekani iliundwa mwaka wa 1905. Miaka mitano baadaye, kabla haijapata watu wa kutosha wala barabara za kuwafikisha kazini, ilijaribiwa vibaya. Kiangazi cha 1910 kilikuwa kikavu mno katika milima ya Idaho na Montana, na mioto mingi midogo ilikuwa ikiwaka huku na huko. Tarehe 20 Agosti upepo mkali ulivuma ukaiunganisha. Kwa muda wa siku mbili ziliungua ekari karibu milioni 3. Watu wasiopungua 85 walikufa, na wengi wao walikuwa wazima moto wenyewe. Maana vikosi vilijaa vibarua walioandikwa mijini na migodini, ambao hawakuwa wamefundishwa lolote juu ya kazi hiyo.

Karibu na mji wa Wallace alikuwako Bwana Misitu mmoja, jina lake Edward Pulaski, naye alikuwa na watu wapatao 45. Moto ulipowazunguka aliwaongoza katika moshi mpaka kwenye shimo la mgodi alilolijua, akawaamuru walale kifudifudi. Hofu ilipowashika wengine wakataka kutoka mbio, Pulaski alisimama mlangoni na bastola mkononi, akasema kwamba atakayetoka atampiga risasi. Moshi ukawazimisha. Walipozinduka, watu 5 walikuwa wamekufa, na wale wengine wakatambaa nje wakiwa hai. Baadaye Pulaski alitengeneza chombo chenye shoka upande mmoja na jembe dogo upande wa pili. Hata leo wazima moto wa msituni hukichukua kazini, nacho huitwa kwa jina lake.

Chombo hicho chaeleza jambo moja ambalo wakaaji wa mijini hawalifahamu. Moto wa msitu hauzimwi kwa maji tu. Kazi kubwa ni kuunyima chakula. Watu hukata vichaka na kulima ukanda mrefu mpaka udongo mtupu uonekane, ili moto ukifika hapo usikute cha kula. Ndiyo kazi ile ile aijuaye mkulima wa Kenya alimaye kizuizi kuzunguka shamba lake kabla ya kuchoma mabua, ila huko ukanda waweza kwenda maili nyingi juu ya milima.

Baada ya 1910 wakubwa wa misitu waliona kila moto kuwa adui. Mwaka wa 1935 ilitolewa amri kwamba moto wowote ulioonekana sharti uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku ya pili yake. Amri ilitekelezwa kwa bidii, hata kuanzia 1940 wakawako watu wa kuruka kutoka katika eropleni kwa miavuli ili kuwahi moto mahali pasipo barabara. Lakini misitu iliyozuiliwa isiungue kabisa ilijaza magugu, matawi makavu na miti midogo iliyosongamana. Na siku iliposhika moto iliungua vibaya zaidi kuliko zamani. Wazee wengi wa Afrika, wachomao nyasi mapema kabla hazijakauka sana, wangaliweza kuwaambia hayo bila gharama. Amri ya saa nne iliachwa katika miaka ya 1970.

KITUO CHA BOISE

Mwaka wa 1965 kilianzishwa kituo kimoja katika mji wa Boise, jimbo la Idaho. Idara ya Misitu, idara ya ardhi ya malisho na idara ya hali ya hewa ziligundua kwamba kila moja ilikuwa ikijenga ghala zake na kukodi eropleni zake karibu na mwenzake, kwa moto ule ule. Zikaungana, na baadaye idara nyingine zikajiunga. Tangu 1993 kituo hicho huitwa Kituo cha Taifa cha Idara Zote cha Moto.

Kazi yake ni kama ya karani wa ghala mwenye orodha ya nchi nzima. Moto ukianza, ofisi ya mahali hupeleka watu wake walio karibu, bila kujali sana ni wa idara gani. Ukiwashinda, ofisi hiyo huomba msaada kwa kituo cha sehemu yake. Sehemu ikiishiwa, maombi hufika Boise, na Boise hutafuta popote palipo na kikosi kisicho na kazi, hata kama ni umbali wa maili elfu mbili. Kikosi cha kawaida ni cha watu 20. Husafiri pamoja na wakubwa wake na vyombo vyake, wala hakivunjwi kikifika.

Kadhalika nchi huwekwa katika daraja za tahadhari, kuanzia ya 1 mpaka ya 5. Daraja ya 5 maana yake ni kwamba karibu vikosi vyote vimo kazini, na yamkini askari wa jeshi wataombwa kusaidia. Hapo ndipo kazi ya Boise huwa ngumu, kwa sababu mioto kumi huomba eropleni moja, na sharti mtu aseme ni upi utakaoipata na ni ipi itakayokosa. Maisha ya watu hutangulizwa. Nyumba na mali hufuata.

SIKU 13 ZA CALIFORNIA

Hata hivyo kuwa na ghala moja hakutoshi, iwapo walio motoni hawasikilizani. Hayo yalionekana katika jimbo la California mwaka wa 1970. Kwa muda wa siku 13 mioto mingi iliwaka pamoja. Watu 16 walikufa, majengo yapatayo 700 yaliteketea, na zaidi ya ekari nusu milioni ziliungua.

Watu hawakukosekana, wala magari hayakukosekana. Vikosi vilikuja kutoka miji mingi na idara nyingi, kila kimoja na mkubwa wake, ramani zake na redio zake. Redio za hawa hazikuweza kusema na redio za wale. Neno moja lilimaanisha gari la maji kwa watu wa idara moja, na kwa wengine lilimaanisha eropleni ya kumwaga maji. Aliyeagiza hili aliletewa lile. Mahali pengine moto mmoja ulikuwa na wakubwa kadha wa kadha, kila mmoja akitoa amri asiyoijua mwenziwe.

Baada ya msiba huo Serikali Kuu ilitoa fedha, na idara za moto za California zikaketi pamoja miaka kadha kutengeneza utaratibu mmoja. Shabaha yake ni rahisi kuieleza, ingawa kuitenda si rahisi. Kila moto una Msimamizi, ambaye ndiye asili ya amri zote. Moto ukigusa ardhi ya idara mbili au tatu, wasimamizi wao huketi meza moja na kutoa shauri moja. Chini ya Msimamizi kuna kazi nne: kupigana na moto wenyewe, kukusanya habari na kupanga, kuleta chakula na vifaa, na kutunza hesabu ya fedha. Kila mtu ana mkubwa mmoja tu. Wala mkubwa hapewi watu zaidi ya 7 wa kuwasimamia. 5 ndiyo hesabu ipendwayo. Maneno ni yale yale kwa idara zote.

Tena cheo cha ofisini hakimpi mtu amri motoni. Kila mmoja ana kadi ionyeshayo kazi aliyofundishwa na kuhitimu, na hupewa kazi kwa kadi hiyo. Basi yawezekana mkubwa wa ofisi akapokea amri kwa kijana wa idara nyingine. Jambo hili liliwauma wengine hapo mwanzo, na si ajabu.

HABARI ISIYOFIKA

Utaratibu huo haukuondoa hatari. Julai 1994, karibu na mji wa Glenwood Springs katika jimbo la Colorado, radi iliwasha moto mdogo mlimani. Wakati ule mioto mingine mingi ilikuwa ikiwaka jimboni, hata huu ukakaa siku kadha bila kupewa watu wa kutosha. Tarehe 6 Julai watu walikuwa mlimani wakilima ukanda kushuka mteremko, katikati ya vichaka vikavu. Watabiri wa hali ya hewa walikuwa wamekwisha kutoa onyo kwamba upepo mkavu na wenye nguvu ungekuja alasiri. Onyo lilifika ofisini. Halikufikishwa kwa watu waliokuwa mlimani. Upepo ulipokuja, moto ulivuka chini yao ukapanda mteremko kwa kasi kuliko mtu awezavyo kukimbia, ukawaua 14. Waliokufa walitoka katika vikosi mbalimbali, na 9 walikuwa wa kikosi kimoja cha mji mdogo wa Prineville, Oregon.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha makosa mengi, lakini hilo la onyo ndilo wazima moto walikumbukalo zaidi. Wafundishwapo siku hizi huambiwa kwamba hakuna aanzaye kazi kabla ya kujua hali ya hewa ya siku hiyo, mahali alipo mlinzi wa kuutazama moto, njia mbili za kukimbilia, na mahali pa salama. Na aliye chini ana haki ya kumwuliza mkubwa wake mambo hayo.

MISAADA YA NJE YA MSITU NA NJE YA NCHI

Utaratibu uliozaliwa katika vichaka vya California ulikwenda mbali. Baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001, wasimamizi wa moto wa misitu walipelekwa New York kusaidia kupanga vifaa na watu. Chombo cha anga Columbia kilipovunjika juu ya Texas Februari 2003, maelfu ya wazima moto wa msituni walipanga mistari wakatembea porini wakiokota vipande vyake. Mwaka wa 2004 Serikali Kuu iliufanya utaratibu huo kuwa wa taifa zima kwa misiba yote, tufani na mafuriko pia.

Nchi nazo husaidiana, kwa kuwa kiangazi cha kaskazini ni majira ya baridi kusini. Waaustralia huenda Marekani mwezi wa Agosti, na Wamarekani huenda Australia mwezi wa Januari. Tarehe 23 Januari 2020 eropleni kubwa ya kuzima moto ilianguka katika jimbo la New South Wales, na Wamarekani 3 waliokuwamo wakafa.

Waafrika nao wamo. Mwishoni mwa Mei 2016 wazima moto 301 wa Afrika ya Kusini walifika Kanada, katika jimbo la Alberta, ambako moto ulikuwa umeunguza sehemu ya mji wa Fort McMurray. Walishuka wakiimba na kucheza uwanjani, na wenyeji wakafurahi sana. Siku chache baadaye waliacha kazi, kwa kuwa malipo waliyokuwa wakipokea kwa siku yalikuwa kidogo kuliko walivyotazamia. Mkuu wa serikali ya Alberta alisema hadharani kwamba kila afanyaye kazi katika jimbo lake sharti alipwe kwa sheria za jimbo hilo. Mkataba ulikuwa umeeleza vizuri juu ya ndege, mahema na vyombo. Habari ya mshahara haikuwafikia wazima moto wenyewe kwa uwazi kabla hawajapanda ndege. Walirudi kwao mapema. Mwaka wa 2023, Kanada ilipoungua kuliko mwaka wowote ulioandikwa katika vitabu vyake, Waafrika ya Kusini waliitwa tena, nao wakaenda.