Wageni Wanaokaa: Somo kwa Vikundi vya Nyumbani



Somo la safari hii hatukulitoa katika kitabu cha mafundisho. Lilitokea hapa hapa Jambiani, mlangoni pa nyumba ya kupanga. Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa bara, aliyefanya kazi ya upishi katika hoteli za pwani hii kwa miaka kumi na moja, aliugua siku chache akafariki dunia. Wenzake walichanga fedha usiku ule ule, wakatafuta gari, na kulipokucha maiti ikawa tayari kupelekwa mjini ili ivushwe kwenda kwao. Tulisali, tukaimba, tukamaliza. Gari lilipokuwa linawashwa akaja mzee mmoja jirani, Mwislamu, mtu wa Jambiani tangu mababu zake, udongo wa shamba ungali miguuni. Akauliza: "Mbona hamkutwambia? Huyu kakaa na sisi." Hatukuwa na jibu, na gari likaondoka.

Tulipokutana jioni ile kulikuwa na ubishi mkali. Wengine walisema wenyeji hawatupokei. Hata ukae miaka ishirini, jina lako ni mbara tu. Wengine wakasema si kweli, sisi wenyewe hatutaki kupokewa, maana tumekuja kuchuma na kuondoka, na macho yetu yako kwenye boti ya Dar es Salaam. Kila upande ulikuwa na ushahidi wake, na wengine waliondoka bila kuagana vizuri. Ndiyo sababu tumeona yafaa tulitazame jambo hili pamoja, taratibu, Biblia ikiwa wazi mbele yetu.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Mtu wa Songea au Mwanza akija Unguja hakuhama nchi, kwa kuwa tangu tarehe 26 Aprili 1964 tumo katika Jamhuri moja. Hata hivyo iko Sheria ya Mzanzibari ya mwaka 1985, inayoeleza ni nani Mzanzibari, na si kila raia wa Tanzania aliyemo ndani yake. Basi ndugu zetu hawa ni raia na ni wageni kwa wakati mmoja, hali ambayo huwachanganya hata wao. Pamoja nao wako Wakenya, Wazungu wenye hoteli, na vijana wa Kimasai wanaolinda malango na kuuza shanga ufukweni. Tukisema "mgeni" katika somo hili, tunamaanisha hao wote waliokuja ili wakae. Mtalii wa juma moja hayumo.

Tena si watu wachache. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 115,588 katika Mkoa wa Kusini Unguja, ambamo Jambiani imo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 195,873. Katika miaka kumi mkoa umeongezeka kwa watu zaidi ya elfu themanini, na hakuna atakayesema wote hao wamezaliwa hapa. Wazee wa Kibigija na Kikadini wanakumbuka pwani ya wavuvi, ya akina mama wa usumba, na baadaye ya mwani ulioanza kulimwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Leo mzee huyo huyo hupita ufukweni akaulizwa na mlinzi, kijana wa bara, anakwenda wapi. Tusipoifahamu dhiki hiyo hatutaelewa kwa nini neno "mbara" mara nyingine hutamkwa kwa uchungu. Mlinzi hakuununua ufukwe. Lakini ndiye anayeonekana.

Mwenyeji naye ni nani? Msikitini Kizimkazi Dimbani, si mbali na sisi, yako maandishi ya mwaka 1107, na watu wengi wa kusini hujiita Washirazi, wakisimulia kwamba wazee wao walikuja kwa jahazi kutoka Uajemi. Hatulitaji jambo hili ili kumnyang'anya mtu uenyeji wake. Twalitaja kwa sababu watu wa hapa tangu kale walikuwa na utaratibu wa kupokea. Miji ya kusini iliongozwa na wazee walioitwa Watu Wanne, na mgeni aliyetaka mahali pa kulima alikwenda kuomba kwa wazee. Kulima mhogo ilikuwa jambo moja na kupanda mnazi jambo jingine. Mhogo hung'olewa ukaisha. Mnazi hukaa miaka mingi, na mwenye kuupanda hudai kitu katika ardhi. Mgeni aliyeruhusiwa kupanda mnazi alikuwa amekwisha kuambiwa, bila maneno mengi, akae.

Sasa fungueni Yeremia sura ya 29. Nabii anawaandikia waliohamishwa Babeli kwa nguvu, watu wenye kila sababu ya kukaa wakinung'unika. Anawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuoza, tena wautafutie amani mji ule na kuuombea, kwa kuwa amani yao imo katika amani ya mji. Yeremia hakuwaambia wawe Wababeli. Danieli alibaki na sala zake. Wala hakuwaambia wajifungie wasubiri kurudi, ingawa manabii wa uongo walihubiri hivyo na wakapendwa sana kwa mahubiri hayo. Aliwaambia wapande.

Je, sisi tumepanda nini Jambiani? Tuseme ukweli. Wako kati yetu waliokaa miaka sita wasijue jina la mke wa jirani. Wako wasiokwenda kwa sheha mpaka wanapotaka barua. Wako wanaokula hadharani mchana wa Ramadhani wakidai haki yao, na akina dada wanaopita kijijini na nguo za ufukweni, halafu wakaulizana kwa nini watu wanawatazama. Kanga moja haimpunguzii mtu Ubatizo wake. Pombe hatutaisema sana. Kila mmoja anajua jinsi inavyotutia aibu siku ya mshahara. Na lugha: twadhani kwa kuwa sote twasema Kiswahili hatuna la kujifunza. Lakini anayeingia ua wa mtu bila kupiga hodi na kungoja, na kumsalimu mzee kwa "mambo", amesema Kiswahili bila kusema na mtu.

Upande wa pili nao una deni. Kuku akipotea, husemwa kachukua mbara. Chumba hukodishwa kwa bei mbili, moja ya mwenyeji na moja ya mgeni. Walawi 19:33-34 yaagiza kwamba mgeni anayekaa kati ya watu ahesabiwe kama mzalia, apendwe kama nafsi ya mtu, maana Waisraeli nao walikuwa wageni Misri. Agizo hilo alipewa mwenyeji. Sisi tulio wageni hulipenda sana, tukalisoma kwa sauti, kwa kuwa aya inayomhusu jirani ni nyepesi kuikumbuka. Ajuaye sana uchungu huu pengine ni jirani mwenyewe. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi wenye asili ya Uarabuni waliondoka Unguja, na Sultani Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970 aliwaita Waomani waliotawanyika warudi. Walifika katika nchi ya babu zao wakaitwa Wazanzibari, na hadi leo Kiswahili chasikika katika nyumba za Muscat. Yuko mtu huko anayeitwa mgeni katika nchi aliyofundishwa tangu utoto kuiita kwao.

Tusisahau kwamba hata Kanisa letu katika kisiwa hiki lilianza kwa wageni, tena wageni wasiopenda kuja. Askofu Tozer alipofika Unguja mwaka 1864, Sultani Majid alimpa wavulana watano waliotolewa utumwani. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Mwaka 1871 misheni ilinunua shamba la Mbweni, na huko walikaa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, kila mmoja na lugha yake, hakuna aliyejua njia ya kurudi kwao. Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, alipewa upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kuupata. Alifanya kazi Chitangali, upande wa Ruvuma, kwa watu wa asili yake mwenyewe, na bila shaka wengi wao walimwona kama mtu wa Unguja. Mtu aweza kuwa mgeni kokote aendako, hata kwao.

Twawaheshimu wale wa Mbweni, lakini tuseme na hasara. Walipewa kijiji chao, shule yao, na kanisa lao la Mtakatifu Yohana. Walilindwa, na ulinzi ulikuwa wa lazima wakati ule. Lakini mtu akikaa siku zote kati ya waliolindwa pamoja naye, jirani humjua kwa jina la kundi tu. Kikundi chetu cha Jambiani kimo hatarini mwa jambo hilo hilo. Twakutana, twapendana, twachangiana, kisha twasema tunaishi vizuri hapa.

Sasa turudi kwenye gari lile la asubuhi. Je, ilikuwa kosa kumpeleka ndugu yetu kwao? Hapa Biblia yatupa mashahidi wawili wasiofanana. Katika Mwanzo 23 Ibrahimu amefiwa na Sara, naye ni mgeni kati ya Wahethi. Anainama mbele ya watu wa nchi, anawaomba mahali pa kuzika, anakataa kupewa bure, anapima fedha, na mapatano yafanyika langoni pa mji mbele ya mashahidi. Kaburi ndilo shamba la kwanza aliloliita lake katika nchi aliyoahidiwa. Yakobo mjukuu wake alifanya kinyume. Aliishi Misri miaka kumi na saba, akala chakula chake, akambariki Farao, halafu akamwapisha Yusufu asimzike huko. Naye alichukuliwa akapelekwa kwa baba zake.

Basi kama kaburi ndilo kipimo, Ibrahimu aliambatana na nchi yake mpya na Yakobo hakuambatana. Lakini someni Mwanzo 50 pole pole. Wamisri walimlilia Yakobo siku sabini. Kisha watumishi wa Farao na wazee wa Misri walifunga safari pamoja na wanawe, msafara mkubwa sana, hata wenyeji wa Kanaani walipoona maombolezo walidhani ni msiba wa Wamisri. Huyu mgeni asiyetaka hata kuzikwa kwao alikuwa amekuwa mtu wao kiasi hicho. Yusufu naye hakuondoka usiku bila kusema. Alimwomba Farao ruhusa, akaahidi kurudi, akarudi.

Kwa maoni yetu hapo ndipo ubishi wetu wa jioni ulipokosea njia. Tulikuwa tukiuliza kama mbara anaweza kuwa mtu wa Jambiani, na tukapima kwa kaburi, kwa kitambulisho, kwa chakula na mavazi. Mzee yule hakutulaumu kwa kumsafirisha marehemu. Alitulaumu kwa kutomwambia. Tuliuchukua msiba tukaufanya wetu peke yetu, kana kwamba mtu aliyekaa miaka kumi na moja katika mtaa hana wa kumlilia ila waliobatizwa.

Siku ya tatu watu wanne kati yetu tulikwenda kwake kumtaka radhi. Tulipiga hodi, tukakaribishwa barazani, tukaletewa kahawa. Hakutaka maneno mengi juu ya radhi. Aliingia ndani akatoka na bakuli la udongo lenye kifuniko, limeoshwa. Akatwambia kwamba kila Ramadhani marehemu alikuwa akipika uji wa mtama na kuuleta kabla ya Magharibi, na bakuli hurudishwa na kitu ndani yake, mara tende, mara samaki, maana chombo cha jirani hakirudi kitupu. Safari ya mwisho bakuli lilikuwa bado kwake. Sisi tuliosali na marehemu kila Jumapili hatukujua habari hiyo hata kidogo. Mzee alitia ndani nazi mbili kavu, akauliza kama tutaweza kulifikisha kwa mama yake.

Bakuli limekwisha kusafiri, na mama amepiga simu kwa mzee.

Vikundi vikikutana, Mwanzo 23 na 50 zisomwe zote, bila kuruka. Kisha kila mmoja ataje, kwa jina, jirani asiye wa kanisa letu ambaye angepaswa kuambiwa kwanza kama angefiwa usiku huu. Asiye na jina la kutaja asione haya kusema hivyo. Mwezi huu aende akapige hodi kwa jirani wa karibu, na kikundi kijacho atueleze alipokewaje. Walio wenyeji wa Unguja kati yetu wataje mgeni mmoja ambaye wamemla salamu kwa miaka bila kumkaribisha ndani. Majina yasiandikwe popote.