Ukabaila Ulaya: Mkulima Aliyefungwa na Ardhi

Watahiniwa wengi huandika kwamba mkulima wa enzi za ukabaila alikuwa mtumwa. Usirudie kosa hilo. Tuchukue mfano wa Uingereza katika karne ya 13.

Mkulima huyu alikuwa na nyumba, familia na kipande cha shamba alichojilimia. Kwa kawaida hakuuzwa peke yake sokoni. Shamba likipata bwana mpya, naye alipata bwana mpya. Hata hivyo hakuwa huru, kwa sababu hakuruhusiwa kuhama bila idhini ya bwana.

Wajibu wake kwa bwana:
(a) Kulima shamba la bwana bila ujira, mara nyingi siku 2 au 3 kwa wiki.
(b) Kusaga nafaka katika kinu cha bwana kwa malipo.
(c) Kulipa ada binti yake anapoolewa.
(d) Akifa, bwana alichukua mnyama wake aliye bora.

Kanisa nalo lilidai sehemu ya kumi ya mazao.

Kwa nini mfumo huu ulidhoofika?
Tauni iliingia Uingereza mwaka 1348 na kuua takriban theluthi moja hadi nusu ya watu. Vibarua wakawa adimu, wakadai ujira mkubwa. Sheria ya mwaka 1351 ilizuia ujira kupanda. Manung'uniko yakazidi, na kodi mpya zikachochea uasi wa mwaka 1381. Uasi ulizimwa, lakini polepole mabwana wengi wakaacha kudai kazi ya lazima, wakakodisha mashamba kwa fedha.

Jipime: Toa tofauti mbili kati ya mtumwa na mkulima huyu.
Dokezo: Fikiria ardhi, kisha kuuzwa.