Somo: Je, kuzungumza kunatosha?



Wengi wetu hapa Likasi tunakumbuka, ama tulisimuliwa na wazazi, stesheni ya treni katika miaka 1992 na 1993. Watu wa asili ya Kasai, ambao wengi wao wazee wao waliletwa na Union Minière kufanya kazi ya migodi, walifukuzwa kazini na katika nyumba zao. Familia zililala pale stesheni zikingojea treni ya kwenda Kasai. Wengine hawakufika. Kabla ya mawe kutupwa, neno lilitangulia: “bilulu”, yaani wadudu. Jirani aliyekuja jana kuomba chumvi, leo anaitwa mdudu.

Mawazo ya namna hii yanakaa wapi? Ndani ya moyo wa kila mtu, ama katika yale tunayodhani wenzetu wote wanayakubali?

Mtafiti mmoja wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, alipima jambo hilo nchini Rwanda. Kwa mwaka mzima vikundi fulani vilisikiliza mchezo wa redio wa Musekeweya, unaohusu vijiji viwili vyenye ugomvi. Vikundi vingine vilisikiliza mchezo juu ya afya. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Imani ya mtu binafsi haikubadilika sana. Kilichobadilika ni namna watu walivyoona desturi ya jamii yao: nani anaweza kuoa wapi, kama inafaa kusema wazi usipokubaliana. Na matendo yao yalifuata. Walipopewa redio na kaseti za kikundi, waliosikiliza Musekeweya walijadiliana namna ya kuzitunza pamoja. Wale wengine walielekea zaidi kumwachia kiongozi.

Baadaye akaja kwetu, mashariki ya Kongo. Hapa maeneo yote yalisikia mchezo wa redio, lakini mengine yaliongezewa kipindi cha kuhimiza wasikilizaji wazungumze juu ya ugomvi wao. Watu walizungumza kweli, tena zaidi. Lakini matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba walikumbuka zaidi mabaya waliyotendewa, na uvumilivu wao ulipungua. Walipopewa chumvi na kuulizwa kama wangewagawia watu wa kundi wasilolipenda, walikuwa wazito kutoa kuliko wale waliosikia mchezo peke yake.

Sisi tunaoandaa mikutano, habari hii inatuchoma kidogo. Mara ngapi tumewakusanya watu chini ya mwembe, tukasema “semeni yote”, kisha tukaenda zetu?

Hatusemi watu wanyamaze. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikusanya kumbukumbu za wafanyakazi wa migodi na familia zao, na kazi hiyo ilihitaji watu waseme. Lakini anayeuliza ana kazi yake. Swali la “walitutenda nini?” hujibiwa haraka. Swali la “nani alikufungulia mlango?” huchukua muda, na Katanga lina majibu: wako wenyeji waliowaficha majirani wao Wakasai.

Zoezi kwa kikundi, pamoja na shefu wa mtaa na wakubwa wa familia zilizohama:

Kila mmoja ataje mtu mmoja wa kabila lingine aliyemsaidia, na alifanya nini hasa. Asiyekumbuka apewe nafasi hadi mkutano ujao. Kisha jadilianeni: mtaani mwenu, mtu akisikia jirani anaitwa mdudu, ni nani hujibu, na anajibu mbele ya nani?