Kulinganisha Dawa za Kipandauso: Nafuu na Madhara

Kipandauso ni maumivu makali ya kichwa ambayo aghalabu hushika upande mmoja, hupwita kama mapigo ya moyo, na huandamana na kichefuchefu na kuchukia mwanga au kelele. Kisipotibiwa huweza kudumu kwa saa 4 hadi 72. Watu huuliza: ni dawa ipi iliyo bora? Swali hilo halijibiki mpaka ligawanywe sehemu mbili: dawa huwapa nafuu wangapi, na humdhuru nani?

Kupima nafuu

Maumivu mengine hutulia yenyewe. Kwa hiyo mtu aliyemeza kidonge akapona hajathibitisha kwamba kidonge ndicho kilichomponya. Ili kupata ukweli, watafiti huwagawa wagonjwa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja hupewa dawa. La pili hupewa kidonge kitupu, yaani kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani yake. Mgonjwa hajui amepewa kipi.

Mapitio ya majaribio ya namna hiyo kwa watu wazima, yaliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka 2012 na 2013, yalionyesha kwamba katika kila wagonjwa 100, waliokuwa hawana maumivu kabisa baada ya saa 2 ni hawa:

Parasetamoli (miligramu 1000): 19, kidonge kitupu: 10
Aspirini (miligramu 1000): 24; kidonge kitupu: 11
Ibuprofeni (miligramu 400): 26, kidonge kitupu: 12
Sumatriptani (miligramu 50): 28, kidonge kitupu: 11

Tofauti baina ya tarakimu mbili za kila mstari ndiyo kazi halisi ya dawa. Yafaa pia kutambua kwamba hata sumatriptani iliwaacha wagonjwa 72 wakiwa bado na maumivu ya kiasi fulani.

Kupima madhara

Mwaka 1971 John Vane alieleza kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu. Ibuprofeni hufanya vivyo hivyo. Lakini prostaglandini hizo hizo hulinda utando wa tumbo. Ndiyo maana dawa hizi huweza kuleta vidonda vya tumbo na kutokwa na damu. Aidha, mtoto asipewe aspirini bila amri ya daktari, kwa hatari ya maradhi ya Reye yanayodhuru ubongo na ini.

Parasetamoli hailidhuru tumbo kwa namna hiyo, lakini ikizidi kipimo huharibu ini. Mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku. Sumatriptani hukaza mishipa ya damu, hivyo haimfai mwenye maradhi ya mishipa ya moyo.

Tena, anayemeza vidonge vya kawaida siku 15 au zaidi kila mwezi, au sumatriptani siku 10 au zaidi, kwa muda unaopita miezi 3, huweza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa yenyewe.

Basi dawa bora ni ile inayolingana na mwili wa mgonjwa. Na kichwa kinachouma pamoja na homa kali au shingo kukakamaa kinahitaji uchunguzi hospitalini, kwani kutuliza maumivu si kutibu malaria wala homa ya uti wa mgongo.

Maswali

1. Kokotoa tofauti kwa kila dawa.
2. Kwa nini tofauti ya aspirini na ile ya ibuprofeni hazitoshi kuthibitisha kwamba moja ni bora?
3. Mgonjwa wa vidonda vya tumbo aepuke dawa zipi? Eleza sababu.