Kwa Nini Sindano ya Kitako Yaweza Kulemaza

Kabla ya kuanza somo hili, mwenyekiti awaombe wanachama waweke mikono mezani na kuitazama mishipa ya damu iliyo nyuma ya kiganja. Linganisheni ya huyu na ya yule. Hata mkono wako wa kulia haufanani kabisa na wa kushoto. Basi mambo ya ndani ya mwili ni hivyo hivyo, ila huko hatuoni.

Leo twazungumza juu ya neva moja kubwa, yaani mshipa wa fahamu, siyo wa damu. Ndiyo inayopeleka amri ya kutembea mguuni na kurudisha habari za maumivu. Ni nene kuliko neva zote mwilini, karibu sawa na kidole. Kwa kawaida hutokana na mizizi mitano inayochomoza sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Hupita ndani ya kitako chini ya msuli mdogo, kisha huteremka nyuma ya paja, na karibu na goti hugawanyika mara mbili.

Hiyo ni picha ya vitabuni. Lakini wataalamu waliopasua maiti ili kujifunza wamekuta kwamba kwa mtu mmoja hivi katika kila sita, neva hii imegawanyika mapema, huko huko kitakoni. Mara nyingi tawi moja hupenya katikati ya msuli ule na lingine hupita chini yake. Mwenyewe hajui, wala siyo ugonjwa. Kuna na wengine ambao mizizi yenyewe huanza juu kidogo au chini kidogo mgongoni.

Sasa fikirini yule jirani anayedunga watu sindano nyumbani kwa sababu aliwahi kufagia zahanati. Yeye hulenga katikati ya kitako, penye nyama nyingi. Kumbe ndipo neva inapopita! Sindano ikiigusa, au dawa ikimwagika kando yake, mtoto anaweza kuburuta mguu maisha yake yote. Sindano ya kwinini ilijulikana sana kwa madhara hayo. Mtoto mwembamba yuko hatarini zaidi, maana nyama ni kidogo na neva iko karibu.

Mhudumu aliyefunzwa hukigawa kitako mara nne kwa alama ya msalaba anayoiwazia tu, akadunga robo ya juu upande wa nje. Mtoto mchanga hudungwa pajani upande wa nje, kama akina mama mnavyoona wakati wa chanjo. Tena kuuliza, "Daktari, hakuna vidonge?" si utovu wa adabu. Wengi wetu twaona bila kudungwa hatujatibiwa.

Ukidungwa ukasikia maumivu kama moto yakishuka mguuni, sema hapo hapo sindano itolewe. Baadaye wayo ukilegea au mguu ukifa ganzi, usingoje wiki, wala usiukande kwa maji moto, kwani utaungua bila kujua. Nenda hospitali siku hiyo. Kwa mtoto wa chini ya miaka 15 watapima pia kama ni polio, maana kulegea kwa ghafla hufanana.

Kwa kujadiliana: Kijijini mwetu ni nani wanaodunga sindano, na walifunzwa wapi? Je, kuna mtoto anayechechemea ambaye hajawahi kupelekwa hospitali?